Maswali ya Wasomaji: Mjusi ni wa Dola 35, Nyumba Yake ni ya 350

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Watoto wanaokulia ughaibuni wanataka mjusi au nyoka wa kufuga, na wazazi waliolelewa katika nyumba ambamo mjusi hufukuzwa kwa ufagio wanauliza itagharimu kiasi gani. Bei tulizotaja ni za kukadiria na hutofautiana mji hadi mji. Joto tumelipima kwa Selsiasi. Walioko Marekani wakumbuke kuwa 32 ni sawa na 90 za Farenhaiti, na 40 ni 104.

Salamu kwenu wahariri. Binti yangu wa miaka 10 ameona leopadi geko dukani kwa dola 35. Muuzaji anasema seti kamili ya kumfugia ni dola 120. Je, baada ya hapo ni chakula tu? Na nikishanunua, nitakaa naye muda gani? — Mama wa watoto watatu, Minneapolis

Mama, hiyo seti iache dukani. Seti za bei hiyo kwa kawaida huwa na tangi la galoni 10 au 20, balbu nyekundu, mfuko wa mchanga wa kalsiamu na kipimajoto cha mshale cha kubandika kwenye kioo. Tangi ni dogo, balbu nyekundu haina kazi, na mchanga huo mnyama huulamba ukamziba utumbo. Hicho kipimajoto nacho hupima hewa ya ukutani, si sakafu anayolalia. Utalipa 120, kisha utaanza upya.

Leopadi geko, kwa jina la kitaalamu Eublepharis macularius, asili yake ni maeneo makavu yenye mawe ya Afghanistani, Pakistani na kaskazini magharibi mwa India. Hapandi kuta kama mjusi kafiri wa kwetu kwa sababu vidole vyake havinati. Maisha yake ni ya chini, kwa hiyo angalia zaidi ukubwa wa sakafu kuliko kimo cha tangi. Tafuta la galoni 40, lenye sakafu ya sentimita 90 kwa 45 hivi. Jipya ni dola 100 hadi 150. Lililotumika utalipata kwa nusu ya hapo. Taa ya joto na kofia yake ni dola 35 hadi 45, themostati (kifaa cha kuwasha na kuzima joto lisipite kiwango) 35 hadi 50, taa ndogo ya UVB (mionzi kama ya jua) 45 hadi 60, na vipimajoto viwili vya dijitali vyenye waya dola 20. Mapango matatu na mabakuli ni 30 hadi 40, vigae au udongo wa kutandika 15 hadi 20, unga wa kalsiamu na wa vitamini 20. Jumla ni dola 300 hadi 400 kabla hujamlipia mjusi mwenyewe.

Watu wengi wakitaka kubana matumizi huruka themostati, na hapo ndipo mambo huharibika. Taa au mkeka wa joto haujui wakati wa kuacha. Mkeka usiodhibitiwa unaweza kupita nyuzi 45, na geko hawezi kuutegemea mwili wake umwambie tumbo linaungua. Atalala hapohapo mpaka ngozi iwe na malengelenge. Themostati ina kihisio chenye waya. Kiweke sakafuni chini ya taa, kifunge kwa kamba za plastiki kisisogee, kisha weka nyuzi 33. Kikisogea na kuangukia upande wa baridi, kitaiambia taa iendelee kuwaka bila kikomo. Ndiyo maana kunahitajika kipimajoto cha pili kisichohusiana na themostati, ili vifaa viwili visidanganye kwa pamoja.

Upande mmoja wa tangi uwe na nyuzi 32 hadi 34 sakafuni, upande wa pili 23 hadi 26. Usiku taa zizimwe kabisa. Nyumba ikiwa na nyuzi 18 au zaidi hahitaji kingine. Pango la kwanza liwe upande wa joto, la pili upande wa baridi, la tatu katikati likiwa na tishu za jikoni zilizoloweshwa, la kujivulia gamba. Washa kila kitu siku tatu hadi saba bila mnyama, uandike vipimo asubuhi na jioni. Vikitulia, nenda kamchukue.

Chakula chake ni wadudu hai: nyenje, mende wa dubia, na funza wa unga mara mojamoja. Mdudu asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya geko. Mtoto hula kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu. Wadudu washibishwe karoti na majani mabichi kwa saa 24, kisha wapakwe unga wa kalsiamu kabla tu ya kutolewa. Kalsiamu ikikosekana, mwili huichukua kutoka mifupani: taya hulegea, miguu hupinda, na ikishapinda hainyooki tena. Wadudu watakugharimu dola 10 hadi 20 kwa mwezi. Umeme ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: taa za wati 104 kwa jumla zikiwaka saa 12 kwa siku ni kama uniti 37 kwa mwezi, na kwa senti 17 kila uniti ni dola 6 na kidogo. Tenga pia dola 80 hadi 150 za daktari wa wanyama anayetibu reptilia, pamoja na kipimo cha kinyesi. Mwaka wa kwanza wote, weka dola 600 hadi 900.

Muda? Miaka 15 hadi 20. Binti ataondoka kwenda chuo na geko atabaki, kwa hiyo tangu siku ya kwanza mwenye mnyama ni wewe. Halafu kuna salmonela, bakteria wa kuharisha: reptilia mwenye afya njema kabisa anaweza kuibeba. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, mabakuli yasioshewe kwenye sinki la jikoni, na kama mdogo wa binti hajatimiza miaka mitano, asimguse.

Geko wangu wa miezi minane hajala kwa siku kumi, na vidole viwili vina gamba lililokauka. Nina mkeka wa joto chini ya tangi, kipimajoto cha ukutani kinasoma 27. Nimtilie nyenje kumi wabaki humo, akijisikia atakula? — Msomaji, Leicester

Kaka, nyenje watoe leo hii. Wakikosa chakula usiku huanza kumtafuna yeye: kope, vidole, mkia.

Kuhusu joto, hiyo 27 ya ukutani haituambii chochote. Chukua kipimajoto chenye waya, ingiza ncha ndani ya pango la joto mpaka iguse sakafu, subiri dakika 30. Ikisoma chini ya 30, jibu umelipata: bila joto la tumboni hawezi kumeng'enya, na asiyemeng'enya hali. Mara nyingi sababu ni udongo mnene juu ya mkeka. Sentimita tatu za makumbi ya nazi huzuia joto kupanda, huku kioo cha chini kikizidi kupata moto. Ondoa udongo upande huo, weka kigae kimoja chembamba, na mkeka uunganishe na themostati, pauni 25 hadi 45. Ukiweza kubadilisha kabisa, taa ya joto ya juu ni bora, hasa kama tangi lako ni la mbao.

Tahadhari kidogo kuhusu zile bastola za kupima homa zilizobaki majumbani tangu wakati wa Korona. Zimetengenezwa kwa ajili ya paji la uso la binadamu na zitakupa namba za uongo ukizielekeza kwenye kigae. Nunua ya mafundi au ya jikoni.

Sasa vidole, na hivyo visingoje wiki ijayo. Gamba lililobaki hujikunja likawa pete, pete hukaza, damu haipiti, kidole hufa na kukatika. Chukua boksi la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, tia maji ya vuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30, kina kisizidi sentimita moja, mweke dakika 15 hadi 20. Kisha kwa kijiti cha pamba kilicholowa sugua taratibu kutoka shina la kidole kwenda kwenye kucha. Lisipotoka, rudia kesho. Usivute likiwa kavu, utang'oa na ngozi ya chini. Halafu jiulize kwa nini limebaki: karibu kila mara pango lenye unyevu halipo, au tishu zake zilikauka tangu Jumapili.

Mpime kwa mizani ya jikoni ya gramu, kila wiki, siku ileile. Geko mkubwa mnene anaweza kukaa wiki mbili bila kula asidhurike, kwani mafuta yake yako mkiani. Huyu wako bado anakua. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, au mkia ukakonda huku kinyesi kikiwa majimaji na chenye harufu kali, mpeleke kwa daktari pamoja na kinyesi kibichi ndani ya kifuko, na uombe kipimo cha kriptosporidiamu. Vimelea hivyo huambukiza, kwa hiyo koleo na mabakuli yake yasiingie kwenye tangi la mwingine.

Pogona wangu (yule mjusi mwenye ndevu) anapenda mchicha kupita kiasi. Nampa kila siku, ni sawa? — Dada wa Toronto

Hapana, dada. Mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi, inayoikamata kalsiamu tumboni isifyonzwe, hata kama umeinyunyiza wewe mwenyewe. Mara moja kwa wiki mbili hauna neno. Chakula chake cha kila siku kiwe sukuma wiki, ile ile ya ugali, inayouzwa huko kwa jina la collard. Ina kalsiamu nyingi na oksaleti kidogo, na ni rahisi kuliko saladi za pakiti. Ongeza majani ya haradali, boga lililokunwa na pilipili hoho. Letusi ni maji matupu, na parachichi ni sumu kwake.

Pogona aliyekomaa apate majani kama asilimia 80 ya mlo wake na wadudu mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa mtoto wa pogona ni kinyume chake, wadudu ndio wengi. Ila majani hayatamfaa kitu kama mahali pake pa kuotea hapafiki nyuzi 38 hadi 42. Taa yake ya UVB iwe ya mrija mrefu aina ya T5, ya asilimia 10 hadi 12, ifunike nusu au theluthi mbili ya tangi, isizuiwe na kioo wala plastiki. Umbali ufuate maelekezo ya kwenye boksi. Ikiwa juu ya wavu, isogeze karibu zaidi kwa kuwa wavu hula sehemu ya mionzi. Ibadilishe kila miezi 12 hata kama bado inawaka. Mwanga utauona, lakini UVB yenyewe haionekani kwa jicho, na hupungua kimyakimya.

Mume wangu amemnunulia kijana wetu nyoka wa mahindi, urefu kama rula. Mama mkwe anakuja kutoka Mombasa kukaa nasi miezi mitatu, na ameshasema panya hawatalala friji moja na nyama yake. Nifanyeje? Na huyu nyoka ana hatari? — Msomaji, Hamburg

Kwa friji, mama mkwe ana haki, na suluhisho ni rahisi. Nunua friza ndogo ya mezani, hata iliyotumika, iwekwe chumba cha chini au chumbani kwa kijana. Panya wasikutane na chakula cha watu, si kwa unajisi tu bali hata kwa salmonela. Ndoo na koleo za nyoka nazo ziwe zake peke yake, zisitumike jikoni.

Nyoka huyu, Pantherophis guttatus wa kusini mashariki mwa Marekani, hana sumu. Akimng'ata mtu ni mikwaruzo ya sindano. Tatizo lake ni kutoroka. Mdogo wa saizi hiyo hupita kwenye upenyo unaopitisha penseli: pengo la milango ya kioo, tundu la nyaya, kifuniko kisichobanwa. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni na uiache ikauke kabisa kabla ya kumrudisha. Milango ya kuteleza weka kufuli la kioo, na funguo akae nazo mtu mzima. Akitoweka, anza kumtafuta nyuma ya friji na karibu na mabomba ya joto.

Kulisha nako kuna utaratibu. Panya asizidi mara moja na nusu ya unene wa sehemu nene ya nyoka. Kwa mdogo ni kitoto cha panya kimoja kila siku 5 hadi 7. Akikomaa, panya mmoja kila siku 10 hadi 14. Toa panya kwenye friza usiku, ayeyuke ndani ya kopo lililofunikwa sehemu ya baridi. Asubuhi au jioni mtie kwenye kifuko kisichopitisha maji, mzamishe kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 15, mkaushe, mpe kwa koleo refu. Maikrowevu hapana: huiva ndani na kupasuka. Panya hai pia hapana, humtafuna nyoka. Baada ya mlo, asishikwe saa 48. Akitapika, chunguza joto kwanza (28 hadi 31 upande wa moto, 22 hadi 24 upande wa pili), kisha usimpe chochote kwa siku 10 hadi 14, na ukianza tena mpe mlo mdogo. Macho yakiwa ya buluu na ukungu, anakaribia kujivua gamba, mwache.

Kwa gharama, huyu ndiye mnyama wa bei nafuu kuliko wote tuliowataja leo. Mkubwa hula panya 30 hivi kwa mwaka, na kwa yuro mbili kila mmoja ni kama yuro 60. Makazi ndiyo yatakula fedha, kwani akikomaa atafika sentimita 90 hadi 150 na atahitaji sanduku la sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Soma pia mkataba wa nyumba kabla mwenye nyumba hajakusomea yeye.

Tumeona kasa wadogo kama sarafu wakiuzwa barabarani na kibakuli chao, dola 15. Wanafaa? — Baba, Dallas

Hawafai, na muuzaji huyo anavunja sheria. Tangu 1975 Marekani imepiga marufuku kuuza kasa wenye gamba lisilofika inchi 4 kwa ajili ya kufugwa, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua salmonela. Hawa wenye doa jekundu shavuni hufikia sentimita 20 hadi 30 na huishi miaka 20 hadi 40. Mkubwa anataka maji lita 400 na zaidi, chujio lenye nguvu maradufu ya ujazo huo, jukwaa kavu la kuotea na UVB. Tangi na chujio peke yake huvuka dola 400. Na ukichoka usimtupe ziwani. Wapo wanaofanya hivyo, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umemweka kwenye orodha ya viumbe vamizi.

Nimeokota kinyonga mwenye pembe tatu shambani. Nimfuge? Jirani naye ana kobe, anasema hakuna shida. — Msomaji, Nyeri

Jirani amekudanganya. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013, kufuga mnyamapori bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa, hata kama kobe alijileta mwenyewe getini. Tanzania nako ipo sheria yake ya 2009. Yule kobe bapa wa mawe, Malacochersus tornieri, tangu 2019 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani biashara yake ya kimataifa imefungwa.

Sheria tuiweke kando: kinyonga ni mnyama mgumu hata kwa wazoefu. Hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone majanini, na bila mvua au mashine ya kunyunyiza hukauka akiwa pembeni ya maji. Huyu wa milimani anataka usiku wa baridi, na wa porini mara nyingi amejaa minyoo inayomlemea akishafungiwa. Mrudishe kwenye kichaka kilekile ulichomtoa, asubuhi.

Niko Muscat, pogona wangu yuko karibu na dirisha apate jua la bure. AC ikizimwa mchana chumba kinafika 39. Kuna ubaya? — Msomaji, Oman

Upo, tena mara mbili. Kioo cha dirisha huzuia karibu UVB yote lakini hupitisha joto, kwa hiyo anapata moto bila faida ya jua. Na tangi la kioo likipigwa na jua moja kwa moja linaweza kupita nyuzi 50 ndani ya dakika chache. Pogona huota kwenye nyuzi 40 kwa sababu upande wa pili wa tangi kuna 25 za kukimbilia. Chumba kizima kikiwa 39, hana pa kwenda.

Sogeza tangi ukuta wa ndani, AC uiache 26 hata ukiwa kazini, na taa ya joto iunganishe na themostati ili ijizime chumba kikipanda. Umeme ukikatika, funga mapazia, zima taa zote za tangi, funika theluthi ya kioo kwa taulo bichi, na weka chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kwa kitambaa upande mmoja tu, aisogelee au aikimbie apendavyo. Akiwa amepanua mdomo mbali na taa, amelegea na hasimami, mtie kwenye maji ya kawaida ya bomba yanayofika mabegani, kichwa kikiwa juu, yasiwe ya barafu, na mpigie daktari. Bomba la Muscat mwezi wa Juni nalo hutoa maji ya moto, kwa hiyo yapime kwanza: nyuzi 26 hadi 28.